Usitupe pampu ya petroli ya Land Rover yako

Land Rover ya petroli ya miaka ya 1960 au 1970 ikizimika kando ya barabara, ugonjwa wake kwa kawaida ni mmoja kati ya miwili: moto haufiki kwenye plagi, au petroli haifiki kwenye kabureta. Wa kwanza mafundi wengi wanaumaliza kwa dakika chache. Wa pili ndio unaoleta hasara, maana siku hizi dawa yake imekuwa kung'oa pampu ya asili, kuitupa kwenye chuma chakavu na kufunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari lolote lililokuwa karibu. Mimi naitetea hiyo inayotupwa. Walioibuni waliibuni ifunguliwe, isafishwe, ibadilishwe kilichochakaa na kufungwa tena, na kazi hiyo inafanyika hata leo kwenye gereji yenye bisibisi nzuri, jiliwa na fundi mwenye subira.

Nazungumzia pampu ya AC, ile inayofungwa ubavuni mwa injini ya petroli ya lita 2.25 iliyoendesha Land Rover za Series II kuanzia 1958, Series IIA kuanzia 1961, na Series III zilizotoka 1971 hadi 1985. Hapa kwetu yalikuwa magari ya misheni, hospitali za wilaya, askari wa wanyamapori, polisi na mabwana shamba. Mengi yamekwisha. Yaliyobaki yako mikononi mwa watu wanaoyapenda, na mengine bado yanapanda milimani kila siku ya soko kubeba viazi na ndizi.

Herufi AC zilizo juu ya mwili wa pampu ni za Albert Champion, Mfaransa aliyeshinda mbio za baiskeli za Paris–Roubaix mwaka 1899, akahamia Marekani, na mwaka 1908 akaanzisha kiwanda cha plagi katika mji wa Flint, Michigan. Alifariki 1927. Kampuni yake ikaingia General Motors, ikawa na kiwanda Uingereza katika mji wa Dunstable, na jina lake likaendelea kuzunguka dunia kwa herufi mbili tu. Nimekutana na mafundi walioshika pampu hizi maisha yao yote bila kujua kwamba AC ni mtu. Naona anastahili kutajwa.

Kabla ya pampu za aina hii kuenea, magari mengi yalitegemea petroli itiririke yenyewe. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na pampu. Tangi lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka hadi kwenye kabureta kwa uzito wake. Mlima ukiwa mkali na petroli ikiwa imepungua, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini. Land Rover nayo ina tangi chini ya kiti, lakini kabureta yake iko juu. Bila kitu cha kuvuta petroli na kuipandisha, haiendi popote.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kamshafti ina nundu inayosukuma mkono wa pampu kila inapozunguka. Mkono unavuta daiframu, kile kiwambo chembamba cha kitambaa kilichopakwa mpira, kwenda chini. Nafasi iliyo juu yake inapanuka, valvu ya kuingizia inafunguka, petroli inavutwa kutoka tangini. Nundu ikishapita, springi iliyo chini ya daiframu inaisukuma kurudi juu. Valvu ya kuingizia inajifunga, ya kutolea inafunguka, na petroli inakwenda kwenye kabureta. Kamshafti huzunguka nusu ya mizunguko ya krenkshafti, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mkono wa pampu unasukumwa mara 1,500 kwa dakika. Kwa saa moja ya safari ni mara 90,000.

Uhodari wa wabunifu wake uko kwenye ile springi. Injini kazi yake ni kuvuta daiframu chini tu. Anayesukuma petroli ni springi. Kabureta ikijaa, boya linapanda na kufunga sindano, petroli inakosa pa kwenda, na daiframu inabaki chini ikisubiri. Mkono unaendelea kucheza na nundu, lakini kiungo kinachouunganisha na daiframu kinaweza kuvuta tu, hakiwezi kusukuma. Kwa hiyo hakuna kinachopasuka wala kufurika. Nguvu ya springi ndiyo inayoamua presha, na kwa Land Rover hii presha hiyo ni pauni 1.5 hadi 2.5 kwa inchi ya mraba. Linganisha na tairi, ambalo unalijaza pauni 25 au zaidi. Ni presha ndogo sana, na kabureta iliundwa kwa kuitegemea hiyo hiyo. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye pampu za umeme.

Pampu nyingi za Land Rover za zamani zina vitu viwili vya ziada vinavyonifurahisha. Cha kwanza ni bakuli dogo la kioo linaloshikwa na waya. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yanatuama chini ya kioo pamoja na mchanga na kutu, na dereva anaona kwa macho yake alichouziwa. Kwa anayenunua petroli ya madumu na chupa njiani, kioo hicho ni mali. Cha pili ni kiwiko kidogo cha kujazia kwa mkono. Gari lililolala wiki tatu linapandishiwa petroli kwa kidole kabla ya kugusa stata, na betri inapumzika.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Gari linaanza kukosa nguvu mlimani, linamisi ukilikanyaga, kisha kwenye tambarare linarudi sawasawa. Au linawaka asubuhi na kugoma mchana. Fundi makini haikimbilii pampu. Ataanza na kifuniko cha tangi, kwa sababu kitundu chake cha hewa kikiziba tangi linanyonya utupu na petroli haitoki. Atatazama mpira wa petroli uliopasuka upande wa tangi: huo hautavuja, utavuta hewa, na pampu nzima itaonekana imekufa. Atafungua bakuli la kioo na kuosha wavu. Ndipo atakapochomoa bomba la kabureta, kulielekeza kwenye chupa, na kupampu kwa kile kiwiko. Kikiwa chepesi na hakivuti, asikate tamaa upesi. Huenda injini ilizimika nundu ikiwa imeukandamiza mkono wa pampu. Zungusha injini kidogo kwa hendeli ujaribu tena.

Ugonjwa mbaya kuliko wote hauzimi gari. Daiframu ikichanika, petroli inapenya chini yake, inapita kwenye mkono na kushukia kwenye oili ya injini. Gari linaendelea kutembea. Oili inakuwa nyepesi, kimo chake kwenye kijiti cha kupimia kinapanda badala ya kushuka, na ukikinusa kijiti unasikia petroli. Oili ya namna hiyo hailindi tena beringi za krenkshafti, na mvuke wa petroli ndani ya sampu unaweza kulipuka. Nimeona injini iliyokufa kwa sababu ya kipande cha kiwambo kinachoenea kwenye kiganja. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba kuifanyia pampu matengenezo ni kuilinda injini nzima.

Katika gereji moja ya Arusha nilitazama pampu ya Series IIA ikifunguliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alianza kwa kuchomoa waya wa betri na kusogeza ndoo ya mchanga karibu. Sigara ilizimwa mbali. Akafunga mpira wa tangi kwa koleo ili petroli isimwagike, akalegeza mabomba mawili, kisha zile nati mbili zinazoishika pampu kwenye injini. Pampu ikatoka na mkono wake, mweusi kwa oili. Kabla ya kugusa skrubu hata moja alichukua tupa na kukwangua mstari kukatiza ukingo pale vipande viwili vya mwili vinapokutana. Mstari huo ni wa lazima. Kipande cha juu kinaweza kukaa katika pande kadhaa, na ukikosea, matundu ya mabomba yataelekea kusikotakiwa.

Skrubu sita zilikuwa zimeshika kutu. Nne zilikubali kwa bisibisi, mbili zilihitaji mafuta ya kulegeza kutu na kugongwa taratibu. Kipande cha juu kilipoinuliwa, daiframu ilionekana imekauka na kuwa ngumu, na kuzunguka sahani ya chuma iliyo katikati yake kulikuwa na ufa mwembamba wa mduara. Fundi aliibonyeza kwa viganja, akaizungusha robo mzunguko, ikajinasua kutoka kwenye kiungo na springi ikainuka nayo. Robo mzunguko, bila pini wala nati. Aliyebuni kitu hiki alimfikiria mtu atakayekifungua miaka 20 baadaye akiwa porini.

Kila kitu kikaingia kwenye mafuta ya taa, kikapigwa brashi na kukaushwa. Kisha ukaja ukaguzi, na hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Uso wa mkono unaosugua nundu ukichimbika, daiframu haivutwi hadi mwisho. Pini ya mkono ikilegea, ni vivyo hivyo. Ukingo wa kipande cha juu mara nyingi umepinda pale penye skrubu kwa sababu kuna mtu aliwahi kuzikaza kwa hasira ili azuie uvujaji, akaongeza uvujaji. Fundi wetu alilaza msasa mwembamba juu ya kioo cha dirisha, akausugua ukingo huo kwa mwendo wa duara mpaka ukang'aa sawasawa kote. Ilichukua muda, na haikurukwa.

Valvu mbili zilizo kwenye kipande cha juu zinafanana kabisa, ila moja inatazama juu na nyingine chini. Zimebanwa kwa kugongwa ukingo wa chuma kuzizunguka, kwa hiyo kuzitoa kunahitaji mkono mwepesi. Zikirudishwa zote zikitazama upande mmoja, pampu haitavuta tone. Njia ya uhakika ni kupuliza kwa mpira safi: tundu la kuingizia lipitishe pumzi kwenda ndani tu, la kutolea lipitishe kwenda nje tu. Tumia mpira mpya uliokauka. Tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo imeumiza mapafu ya mafundi wengi na iachwe.

Kufunga kuna hatua moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotenganisha pampu itakayodumu miaka na ile itakayorudi gereji baada ya miezi. Springi inakaa, daiframu mpya inabonyezwa na kuzungushwa robo mzunguko mpaka inase kwenye kiungo, kipande cha juu kinawekwa mistari ya tupa ikikutana, na skrubu sita zinaingizwa kwa vidole tu, bila kukazwa. Kisha mkono wa pampu unasukumwa hadi mwisho ili daiframu ivutwe chini kabisa, unashikiliwa hapo hapo, na ndipo skrubu zinakazwa kwa kukingamana, kidogo kidogo. Daiframu ikikazwa ikiwa juu, inabaki imetanuliwa kama ngozi ya ngoma. Kila mkono unapoivuta inajaribu kuchanika, na mwishowe inachanika. Ikikazwa ikiwa chini, inakuwa na ulegevu wake wa kucheza. Hatua hii imo katika miongozo ya zamani ya gereji, lakini siku hizi wengi wanaipita.

Majaribio yalifanyika mezani. Mpira mfupi kwenye tundu la kuingizia ulizamishwa kwenye bakuli la mafuta ya taa, mkono ukasukumwa mara chache, na mafuta yakaruka kwa kishindo upande wa pili. Kidole gumba kikaziba tundu la kuingizia: mvuto ukashika kwa sekunde kadhaa. Tundu la kutolea likazibwa na pampu yote ikazamishwa: hakuna povu lililotoka kwenye ukingo. Kilichobaki kilikuwa gasketi mpya ya kukalia kwenye injini, yenye unene ule ule wa zamani. Gasketi nene mno inausogeza mkono mbali na nundu na kupunguza mvuto wake. Kwa kuwa daiframu ilikuwa imechanika, oili ilimwagwa na kuwekwa mpya kabla injini haijawashwa.

Yote haya hayana maana kama spea ni mbovu. Daiframu za miaka ya 1960 ziliundwa kwa petroli ya wakati ule, yenye risasi. Kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa sokoni kufikia mwanzoni mwa 2006, na iliyoishika nafasi yake ina mchanganyiko mwingine. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982, na Kenya nayo iliwahi kufanya hivyo katika miaka ya 1980. Ethanoli inaivimbisha na kuilainisha mipira mingi ya zamani. Kwa hiyo seti ya spea za matengenezo iliyokaa dukani miaka 30 ndani ya boksi lake la asili, pamoja na uzuri wa boksi, inaweza kuchanika mapema. Uliza seti mpya, na ukiweza ile yenye daiframu ya mpira wa Vitoni, unaostahimili ethanoli na petroli ya sasa. Wapo wanaokata daiframu kutoka kwenye tyubu ya tairi. Mpira wa tyubu unavimba ukikaa kwenye petroli, na gari hilo litasimama. Wapo pia wanaopaka silikoni kwenye ukingo wa pampu. Petroli huimeng'enya silikoni ya kawaida, na vipande vyake huenda kuziba jeti za kabureta. Ukingo uliosawazishwa vizuri na daiframu nzima havihitaji kupakwa kitu.

Sasa hoja ya pampu ya umeme. Najua kwa nini inapendwa: inapatikana, inafungwa haraka, na gari linawaka saa hiyo hiyo. Lakini pampu iliyotoka kwenye gari la injeksheni husukuma presha inayofika pauni 40 na zaidi. Sindano ya kabureta iliyozoea pauni mbili haiwezi kuizuia. Petroli inafurika, inaingia kwenye silinda na kuosha oili ukutani mwake, au inamwagika juu ya injini yenye moto. Pampu ya asili inakufa pamoja na injini. Injini ikisimama, petroli inasimama. Pampu ya umeme isiyo na swichi ya kuikata gari likigonga inaendelea kumwaga petroli huku watu wakiwa ndani. Anayelazimika kuifunga achukue ya presha ndogo iliyokusudiwa kabureta, na aweke swichi hiyo. Asiyelazimika aitengeneze ya asili.

Kuna lawama moja dhidi ya pampu hizi ambayo ni ya kweli. Inapokuwa joto kali, petroli inaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba au ndani ya pampu yenyewe, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Sehemu za juu kama Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, petroli hugeuka mvuke kwa joto dogo zaidi kuliko Mombasa, ndiyo maana gari lililopanda kutoka pwani bila shida huzimika kwenye foleni likishafika. Madereva wa zamani walifunga kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, na bado kinafanya kazi. Dawa ya kudumu ni kulirudisha bomba la petroli kwenye njia yake ya asili, mbali na ekzosi. Mara nyingi utakuta mtu alilihamisha.

Haya ninayosema hayaishii kwenye Land Rover. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, ina pampu ya jamaa hiyo hiyo, ila inasukumwa na fimbo. Fimbo hiyo ina urefu wa milimita 108 kwenye injini zenye dainamo na milimita 100 kwenye zenye altaneta, na kuzichanganya kumeua pampu nyingi nzima. Peugeot 504 ya kabureta, iliyobeba abiria wa masafa marefu Kenya kwa miongo kadhaa, nayo ina ya kwake. Tofauti kubwa iko kwenye miaka. Pampu nyingi za baadaye zimefungwa kwa kukunjwa ukingo wa bati, bila skrubu. Hizo zikifa zimekufa. Ndiyo maana mwili wa pampu ya zamani wenye skrubu, hata ukiwa na kutu, una thamani kuliko pampu mpya ya bei rahisi.

Ombi langu kwa wenye magari haya ni dogo. Usimruhusu fundi aondoke na pampu yako ya zamani. Hata kama umenunua mpya, iweke kwenye boksi, maana mkono, kiungo na kipande chake cha juu vitamponya mwenzako. Na wewe fundi, mwite kijana anayejifunza kwako asimame mezani siku unapoifungua, umshikishe ule mkono wa pampu wakati skrubu zinakazwa. Kisha, mwisho wa wiki hii, kabla hujawasha gari lako, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, usiliwashe. Fungua pampu kwanza.